Belodedici wa 1986 na Belodedici wa 1991 ni mtu yule yule

Ndugu yetu mmoja wa Morogoro kaniletea swali ambalo nimelipenda sana. Anasema alikuwa anapitia vikosi vilivyobeba Klabu Bingwa Ulaya miaka ya zamani, akakuta jina Belodedici kwenye Steaua Bucharest ya 1986, kushuka chini kidogo akakuta tena Belodedici kwenye Red Star Belgrade ya 1991. Akadhani labda wamekosea kuandika au ni mtu na mdogo wake. Kwa hiyo anauliza: ni mtu mmoja? Na kama ni mmoja, alihamaje kutoka nchi ya kikomunisti kwenda nyingine wakati ule ambapo wachezaji walikuwa hawaruhusiwi kutoka? Ni kweli kwao alihukumiwa kama msaliti? Na mwisho kabisa, kijiweni kwao wanabishana, wenzake wanasema wa kwanza kubeba kombe lile na timu mbili ni Seedorf, je ni kweli?

Nianze na hilo la kijiweni maana ndo jepesi. Seedorf rekodi yake ni ya timu tatu, Ajax 1995, Real Madrid 1998, alafu Milan 2003 na 2007, hiyo hamna anayemnyang'anya. Ila kwa timu mbili Seedorf kachelewa sana kwenye foleni. Kabla yake yupo Desailly, Marseille 1993 na Milan 1994, kabla ya Desailly yupo Koeman, PSV 1988 na Barcelona 1992, na kabla ya Koeman kwa mwaka mmoja tu ndo yupo huyu Miodrag Belodedici. Kuna mtu anaweza kukuletea jina la Jimmy Rimmer, kipa Muingereza, na ana hoja, kwa sababu Rimmer alikuwa benchi la Manchester United 1968 na akaanza golini fainali ya Aston Villa 1982, lakini ile ya kwanza hakugusa mpira na ile ya pili aliumia akatoka baada ya dakika 9. Sasa wewe waambie hivi: mtu wa kwanza kucheza fainali mbili za Klabu Bingwa Ulaya na timu mbili tofauti na kushinda zote ni Belodedici. Hapo hakuna wa kukupinga.

Na ndiyo, ni mtu mmoja. Waromania wanaandika Belodedici, Waserbia wanaandika Belodedić, na hizo herufi za mwisho ndo zimebeba hadithi yote.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1964 kijiji kinaitwa Socol, kusini magharibi kabisa mwa Romania, mkoa wa Caraș-Severin, karibu na mto Danube. Ukiwa pale Yugoslavia unaiona kwa macho. Familia yao ni Waserbia, yaani ni Waserbia ambao mpaka ulichorwa ukawaacha upande wa Romania, sisi Afrika tunaielewa hiyo habari bila kuelezwa sana. Nyumbani lugha ni Kiserbia, shuleni Kiromania. Na watu wa mpakani kule walikuwa na kitu kimoja ambacho mtu wa Bucharest hakuwa nacho, walikuwa wananasa matangazo ya televisheni ya Yugoslavia. Miaka ya 80 televisheni ya Romania ilifika mahali inaonyesha kama masaa mawili tu kwa siku za kazi, na sehemu kubwa ni habari za rais Ceaușescu na mkewe, wakati ng'ambo ya mto wanaonyesha mpira, sinema, muziki. Kwa hiyo mtoto wa Socol amekua anaipenda Red Star kama vile mtoto wa hapa anavyokua Simba au Yanga kwa sababu ya baba na wajomba. Hili lishike, maana watu wengi wanaosimulia habari zake wanaanza na siasa, mimi naona inaanza na mapenzi ya timu.

Mpira alianzia Minerul Moldova Nouă, timu ya eneo la migodi huko huko kwao, akapitia Luceafărul Bucharest ambayo ilikuwa inakusanya vijana wenye vipaji nchi nzima, na 1982 akiwa na miaka 18 akaingia Steaua. Steaua ilikuwa timu ya jeshi, kama vile APR kule Rwanda au Ulinzi Stars Kenya, mchezaji ukisajiliwa unaingizwa kwenye orodha ya wanajeshi na unapewa cheo. Wakati ule unaona ni faida tu, mshahara upo, nyumba ipo, heshima ipo. Na timu ilikuwa karibu sana na Valentin Ceaușescu, mtoto wa rais, kwa hiyo ilikuwa haikosi kitu. Lakini hicho cheo cha jeshi kilikuja kumgeukia Belodedici vibaya, nitafika.

Sasa Sevilla, 7 Mei 1986. Steaua walifika fainali kwa kuwatoa Vejle ya Denmark, Honvéd ya Hungary, Kuusysi Lahti ya Finland, na nusu fainali Anderlecht, walifungwa 1-0 kule Ubelgiji wakaja kuwapiga 3-0 nyumbani. Fainali wanakutana na Barcelona, tena nchini Hispania, uwanja wa Sánchez Pizjuán umejaa watu wa Barcelona maana Waromania wa kawaida walikuwa hawapati ruhusa ya kusafiri. Hakuna aliyewapa nafasi. Na hapa nirekebishe jambo moja ambalo nalisikia kila siku, Gheorghe Hagi, yule staa mkubwa wa Romania, hakuwepo Sevilla! Hagi alikuja Steaua mwanzoni mwa 1987 kwa ajili ya mechi ya Super Cup na Dynamo Kyiv pale Monaco, akafunga bao pekee, na hakurudi tena alikotoka. Lile kombe la 1986 lilibebwa bila yeye.

Dakika 120 zikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, na kila mtu anakumbuka kipa Helmuth Duckadam alivyodaka penalti nne mfululizo, Alexanko, Pedraza, Pichi Alonso na Marcos, Steaua wenyewe walikosa mbili za kwanza alafu Lăcătuș na Balint wakafunga, 2-0. Duckadam ni haki yake kukumbukwa, tena ukizingatia baada ya msimu ule hakuichezea tena Steaua kwa sababu ya ugonjwa wa mishipa ya damu kwenye mkono, na amefariki Desemba 2024, Mungu amlaze pema. Ila mimi huwa nawauliza watu, penalti zilifikaje? Zilifika kwa sababu Barcelona wenye Schuster, Archibald na Carrasco walicheza masaa mawili kwenye uwanja uliojaa watu wao bila kupata hata bao moja. Nyuma pale alikuwepo kijana ambaye bado wiki mbili kasoro siku moja atimize miaka 22.

Hapo inabidi nieleze kidogo kazi yake maana vijana wa sasa hamjaiona, mpira umebadilika. Zamani mabeki walikuwa wanakaba mtu kwa mtu, stopa anapewa straika wake anaambiwa mfuate mpaka chooni. Nyuma ya hao wote anakaa libero, yeye hana mtu wa kumkaba, kazi yake ni kusoma. Kila kinachopenya anakisafisha. Sasa malibero wengi walikuwa watu wa kubutua, mpira ukija anapiga mbele basi. Wachache sana walikuwa wanauchukua mpira, wanatulia, wanainua kichwa na kupanda nao mpaka katikati wanageuka kuwa kiungo wa ziada, na adui hajui nani amkabe kwa sababu hayupo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Belodedici alikuwa wa aina hiyo. Waromania walimpa jina Căprioara, yaani swala, kwa jinsi alivyokuwa anakimbia, mwembamba, hatua ndefu, hana papara, hachezi rafu ovyo. Ukiangalia mikanda ya zamani utaona mara nyingi anaunyang'anya mpira bila hata kuanguka chini, kashafika kabla ya straika hajaamua. Binafsi kwa miaka ile namweka juu kabisa pamoja na Baresi, libero wa Milan, na najua kuna watakaokataa, ila wakatae baada ya kuangalia mechi, wasikatae kwa sababu tu jina la Baresi lilisikika zaidi.

Baada ya kombe Steaua wakawa hawafungiki kwao. Kuanzia Juni 1986 mpaka Septemba 1989 walicheza mechi 104 za ligi bila kupoteza. Kuna maswali kuhusu ligi ile, marefa wa nchi ya Ceaușescu nani angeipigia filimbi timu ya mtoto wa rais, siwezi kuyaficha hayo maswali, lakini 1988 walifika tena nusu fainali ya Ulaya wakatolewa na Benfica, na huko Ulaya marefa hawakuwa wa Bucharest. Timu ilikuwa kweli.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa, alihamaje.

Kwanza uelewe hali. Romania ya 1988 ilikuwa na njaa, Ceaușescu alikuwa analipa madeni ya nje kwa nguvu, chakula kinapelekwa nje kuuzwa, wananchi wanapanga foleni ya mkate na mafuta ya kula, umeme unakatwa, majumba baridi kali wakati wa winter. Watu walikuwa wanakimbia, na njia moja kubwa ilikuwa hiyo hiyo Danube ya kwao akina Belodedici, wanaogelea usiku kuelekea Yugoslavia, wengine walizama na wengine walipigwa risasi na walinzi wa mpaka. Yugoslavia nayo ilikuwa ya kikomunisti ila ya aina yake, raia wake wanasafiri, madukani kuna vitu. Kwa hiyo usifikirie alitoka gereza moja kwenda jingine, kwa Mromania wa wakati ule Belgrade ilikuwa kama Ulaya Magharibi.

Belodedici hakuogelea. Yeye mwisho wa 1988 alivuka kwa karatasi, kihalali, kama mtu anayekwenda kuwatembelea ndugu zake Waserbia, na kwa mtu wa asili yake hiyo sababu ilikuwa inaeleweka kabisa. Akafika, akaomba hifadhi, hakurudi. Alafu akaenda moja kwa moja kwa Red Star. Mkurugenzi wa michezo pale alikuwa Dragan Džajić, winga hatari wa zamani wa Yugoslavia, na inavyosimuliwa ni kwamba watu wa klabu hawakuamini kwanza, yaani bingwa wa Ulaya anakuja kubisha hodi mwenyewe anasema mimi nataka kuchezea hapa, hamna wakala, hamna ada, hamna chochote. Fikiria wewe ni kiongozi wa timu alafu unaletewa kitu kama hicho mlangoni.

Kule Romania moto ukawaka. Angekuwa mchezaji wa timu ya kiwanda pengine wangemfuta tu jina, lakini yeye kwenye makaratasi alikuwa mwanajeshi, na mwanajeshi akitoroka nchi kosa lake lina jina lingine. Kesi ikasikilizwa bila yeye kuwepo, akahukumiwa miaka 10 jela kwa uhaini. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni ndiyo, ni kweli, haikuwa maneno ya mtaani, ilikuwa hukumu. Steaua nao wakapeleka malalamiko, na huku upande wa soka akafungiwa mwaka mzima asicheze mechi rasmi. Mwaka mzima, akiwa na miaka 24 na 25, kipindi ambacho beki ndo anaiva, anafanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki tu. Mei 1989 Steaua walifika fainali tena ya Ulaya pale Camp Nou, bila yeye, Milan wakawapiga 4-0, Gullit mawili Van Basten mawili. Milan ile ingemshinda mtu yeyote na sisemi Belodedici angeizuia peke yake, ila nafasi ya nyuma ya mabeki ndo ilikuwa ofisi yake.

Desemba 1989 mapinduzi yakatokea, Ceaușescu na mkewe wakapigwa risasi siku ya Krismasi, na hukumu ya Belodedici ikafa pamoja na utawala ule. Unaweza kudhani basi, akarudi timu ya taifa, akaenda Kombe la Dunia Italia 1990. Hapana. Timu ya taifa hakuitwa tena mpaka 1992. Na kinachouma, kocha wa Romania kule Italia alikuwa Emerich Jenei, yule yule aliyekuwa naye Sevilla. Sisi Waafrika ile timu ya Romania tunaikumbuka kwa sababu ya Roger Milla, tarehe 14 Juni 1990 Cameroon 2 Romania 1, yote mawili ya Milla, lile la kwanza alimzidi beki nguvu akabaki na kipa, la pili akaingia akaachia kombora. Ile mechi ilichezwa Bari, uwanja mpya wa San Nicola. Romania walivuka makundi wakatolewa na Ireland kwa matuta. Na Belodedici akaangalia kama sisi tulivyoangalia.

Bari hiyo hiyo, uwanja huo huo, miezi 11 na wiki mbili baadaye, tarehe 29 Mei 1991, ndo alisimama yeye.

Red Star ile ilikuwa timu ya kutisha. Prosinečki, Savićević, Pančev, Jugović, Binić, Mihajlović mwenye mguu wa kushoto wa frikiki. Walipita kwa Grasshopper, Rangers, Dynamo Dresden, alafu nusu fainali wakawafunga Bayern 2-1 kule kule Munich, marudiano Belgrade ikawa 2-2 na bao la kuwapeleka fainali likapatikana dakika ya mwisho kabisa baada ya Augenthaler kujifunga. Kuna jambo hapa linanigusa kila nikilifikiria. Kikosi kile kilikuwa cha Yugoslavia nzima, Wamasedonia wapo, Mmontenegro yupo, Waserbia, kuna mwenye asili ya Croatia, na libero wao ni Mserbia wa Romania. Mwezi mmoja baada ya fainali vita ikaanza Slovenia, ikahamia Croatia, alafu Bosnia, na nchi ile haikuwepo tena. Na ukirudi kwenye Steaua ya 1986 unakuta kitu kama hicho, kipa Duckadam ana asili ya Kijerumani, Bölöni na kocha Jenei wana asili ya Kihungary, Belodedici Mserbia. Timu zake zote mbili zilizobeba kombe zilichanganya makabila ambayo wanasiasa walikuwa wanayagombanisha.

Fainali yenyewe dhidi ya Marseille, nisikudanganye, haikuwa tamu. Marseille walikuwa na Papin, Chris Waddle, na yule ndugu yetu wa Ghana Abedi Pele, kocha Ljupko Petrović akaona akifunguka watamwadhibu, akaamua kukaa nyuma. Watu wanailaumu mpaka leo kwamba timu nzuri namna ile ilicheza mpira wa woga. Mimi siilaumu. Ukiwa na libero kama yule na kocha ameamua kusubiri, unasubiri. Papin mwaka ule ndo alichukua Ballon d'Or, na dakika 120 hakupata bao. 0-0 tena. Matuta tena.

Amoros akapiga ya kwanza ya Marseille, kipa Stojanović akadaka. Red Star hawakukosa hata moja: Prosinečki, Binić, Belodedici, Mihajlović, Pančev, 5-3. Ya tatu hiyo ni yake, Sevilla hakupiga ila Bari alipiga na akaweka ndani. Na kwenye benchi la Marseille alikuwepo Dragan Stojković, staa wa zamani wa Red Star aliyehamia Ufaransa mwaka mmoja kabla, akaingizwa mwishoni mwa muda wa nyongeza na hakupiga penalti. Kuna usiku mpira unakuwa mzito kwa mtu.

Sasa hesabu nyingine ambayo napenda uipeleke kijiweni kwenu, kwangu mimi ina uzito kuliko hata hiyo ya kuwa wa kwanza. Fainali mbili za Ulaya, dakika 240, moja dhidi ya Barcelona kwao Hispania na nyingine dhidi ya Marseille ya Papin, timu yake haijafungwa bao hata moja. Mshambuliaji akifunga mabao mawili fainali tunamwimba miaka 30. Beki akikaa dakika 240 za fainali bila goli tunakumbuka penalti tu.

Desemba ile ile ya 1991 wakaenda Tokyo wakawapiga Colo-Colo ya Chile 3-0 wakawa mabingwa wa dunia wa vilabu. Ubingwa wa ligi ya Yugoslavia aliuchukua 1990, 1991 na 1992. Lakini timu ilikuwa inabomoka huku inacheza, kwa sababu ya vita mechi za nyumbani za Ulaya ilibidi wakachezee Hungary na Bulgaria, wachezaji wakawa wanauzwa mmoja mmoja, Prosinečki Real Madrid, Savićević Milan, Pančev Inter. Belodedici akaenda Valencia 1992, alafu Valladolid, alafu Villarreal, akavuka mpaka Mexico akacheza Atlante mpaka 1998. Hispania alicheza vizuri tu lakini sitaki kuirefusha, soka lilikuwa linahama kuelekea mabeki wa kujipanga mstari, na libero akawa anatafutiwa kazi nyingine.

Ila kuna sehemu moja libero alikuwa bado anahitajika, timu ya taifa. Alivyorudishwa 1992 kipindi kifupi baadaye akamkuta kocha ni Anghel Iordănescu, na huyu Iordănescu ndo yule mchezaji mkongwe ambaye Sevilla alikuwa msaidizi wa kocha na akaingia kama sub kipindi cha pili. Kwa hiyo anamjua. Akampa nafasi ya nyuma kabisa ya ile Romania ya Marekani 1994, na ile bila ushabiki wowote nasema ilikuwa moja ya timu tamu kuliko zote za Kombe la Dunia lile. Colombia ambayo kila mtu alikuwa anaipa ubingwa wakaipiga 3-1, wakapigwa 4-1 na Uswisi, wakawafunga wenyeji 1-0, alafu tarehe 3 Julai wakaitoa Argentina 3-2, Dumitrescu mawili na Hagi moja. Ukiirudia ile ya Argentina utaona mashambulizi ya kushtukiza yanaanzia wapi. Watu wanaangalia anayemalizia, wewe angalia anayeunyanyua mpira wa kwanza kutoka boksi lao.

Robo fainali, 10 Julai, Stanford pale California, Sweden. 2-2 baada ya dakika 120, mbili za Romania zote kafunga Răducioiu, Kennet Andersson akasawazisha dakika ya 115 kwa kichwa akimruka kipa. Matuta kwa mara ya tatu kwenye maisha yake ya mechi kubwa. Mild wa Sweden akakosa ya kwanza, Romania wakawa mbele, Petrescu akakosa, ikaenda mpaka mikwaju ya sita. Henrik Larsson, kijana wa rasta, akafunga. Ikabaki ya Belodedici. Akapiga, kipa Ravelli akaruka upande huo huo akaitoa. Romania nje, 5-4. Yule aliyefunga Bari bila wasiwasi akiwa na miaka 27, akiwa na 30 akakosa iliyobeba nchi nzima, na hiyo nchi ndo ile ile iliyomhukumu miaka 10 jela. Sijawahi kusikia kwamba Waromania walimgeuka kwa ajili ya ile penalti, na kwangu hiyo inasema mengi kuliko hukumu yoyote ya mahakama ya jeshi.

Baada ya hapo alikuwepo Euro 1996, ambayo Romania walipoteza mechi zote tatu, na Euro 2000 akiwa na miaka 36, ile walioifunga England 3-2 kwa penalti ya Ganea ya dakika za mwisho. Jumla aliichezea Romania mara 53 na kufunga mabao 5. Kwa mtu wa kiwango kile ni chache, na sasa unajua ile miaka iliyokosekana ilikwenda wapi.

Na ukiniuliza kama mimi namuona msaliti, hapana. Jeshi lenyewe hakuliomba, alisajiliwa mpira akapewa cheo. Hakuchukua siri ya mtu, hakuua, alichukua miguu yake akaenda kuchezea timu aliyoipenda toka mtoto kwenye nchi inayoongea lugha ya mama yake. Na kama kuna mtu bado ana wasiwasi, aangalie alirudi wapi kumalizia. 1998 alirudi Steaua, ile ile iliyompeleka kwenye malalamiko, akacheza misimu mitatu, akabeba kombe la Romania 1999 na ubingwa wa ligi 2001, ndo akatundika daluga. Baada ya hapo akafanya kazi shirikisho la soka la Romania upande wa vijana.

Kama una bando tafuta fainali ya Bari nzima, najua ni ndefu na haina bao, ila ifanyie hivi: mpira ukiwa kwa Waddle kule pembeni, usimwangalie Waddle. Mwangalie yule mrefu mwembamba aliyesimama peke yake hatua chache nyuma ya wenzake, uone anaanza kutembea kuelekea wapi kabla pasi haijapigwa.